Koili ya Pili: Namna ya Kuchagua na Kubadilisha Koili ya Ditekta ya Dhahabu

Mchimbaji akishapata ditekta, mara nyingi koili aliyofungiwa siku ya kununua ndiyo hiyohiyo anayozeeka nayo. Ya pili, kama ilikuwamo kwenye boksi, hubaki ndani ya mfuko wake wa plastiki mpaka siku mashine inapouzwa. Hiyo ni hasara. Eneo ambalo kila mtu amepita na kusema limekwisha, limekwisha kwa koili waliyokuwa nayo tu. Dhahabu waliyoiruka iko palepale: vipande vingine ni vidogo mno kwa koili kubwa, vingine vimelala kina ambacho koili ndogo haikifikii, vingine vimejibana kando ya msumari au chini ya jiwe lenye chuma lililomeza mlio wake. Kabla hujafunga safari kufuata rashi mpya, badilisha koili kwenye eneo ambalo tayari una haki ya kulichimba.

Nimeuandika mwongozo huu nikiwafikiria wachimbaji wadogo wa Chunya, Geita, Kahama na Migori, ambako ditekta imekuwa kifaa cha kazi sawa na sururu na karai. Mashine nitakazozitaja zaidi ni za Minelab ya Australia, kwa sababu ndizo zilizojaa mikononi mwa watu huku kwetu. Ukiwa na ya kampuni nyingine, misingi ni ileile.

Kinachotokea ndani ya koili

Koili ni waya wa shaba uliozungushwa na kufungiwa ndani ya plastiki ngumu. Umeme ukipita kwenye waya huo, unatengeneza uga wa sumaku unaozama ardhini. Uga ukikutana na dhahabu, risasi, shaba au chuma, huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya kipande hicho. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake, dhaifu sana, na huo ndio koili inaoupokea na mashine kuugeuza kuwa mlio.

Mashine hazifanyi kazi hiyo kwa njia moja. Gold Monster 1000 hutuma wimbi mfululizo la kilohezi 45, ikituma na kupokea kwa wakati mmoja. Ili mpokeaji asizibwe masikio na mtumaji, nyaya za ndani ya koili yake zimepangwa kwa usahihi mkubwa, na hata kuhama kidogo kwa waya kunaharibu mpangilio huo. Ndiyo maana koili iliyoangushwa kwenye mwamba inaweza kuonekana nzima kwa nje na isifae tena. GPX 5000 na GPX 6000 hufanya tofauti: husukuma umeme kwenye koili kwa mapigo, huukata ghafla, halafu husikiliza mabaki yake ndani ya muda mfupi mno, unaopimwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Mashine hizi za mapigo huvumilia zaidi udongo wenye chuma kingi, ndiyo sababu zimependwa kwenye udongo mwekundu.

Sasa ukubwa. Uga wa koili kubwa unaenea mbali zaidi kwenda chini, lakini pia unatawanyika eneo pana zaidi. Kipande kikubwa kilicho chini sana kitasikika. Punje ndogo iliyo karibu na uso wa ardhi itapata sehemu ndogo mno ya uga huo na inaweza kunyamaza kabisa. Koili ndogo hukusanya nguvu yake mahali padogo. Punje ambayo koili ya inchi 17 inaipita kimya, koili ya inchi 5 itaipigia kelele, mradi iko karibu.

Watu wengi hununua koili kubwa wakiamini kwamba ukubwa ukizidi mara mbili, kina nacho kitazidi mara mbili. Hakizidi hivyo. Nguvu ya ishara hushuka kwa kasi kubwa kadiri kitu kinavyokuwa mbali: uga unapungua ukienda, na unapungua tena ukirudi. Kwa kitu kilicho mbali na koili, umbali ukiongezeka maradufu, ishara inaweza kushuka mara 60 na zaidi. Juu ya hapo, koili kubwa husikia udongo mwingi zaidi kwa wakati mmoja, na udongo wenye chuma nao una sauti yake. Mahali penye chuma kingi, koili kubwa inaweza kukupa kina kidogo kuliko ya wastani, kwa sababu utalazimika kupunguza usikivu ili mashine itulie. Hesabu pia uzito. Koili kubwa huchosha mkono, na mkono uliochoka huinua koili juu ya ardhi bila mwenyewe kujua. Sentimita tano za hewa chini ya koili ni sentimita tano ulizojinyima za udongo.

Mono au DD

Kwenye mashine za mapigo utakutana na majina haya mawili. Mono ina mzunguko mmoja wa waya unaotuma na kupokea. Uga wake una umbo la faneli: mpana juu, mwembamba chini. Katika udongo mpole huenda chini zaidi kuliko DD ya ukubwa uleule, na ukingo wake husikia vizuri sana, kwa hiyo unaweza kuutumia kutafuta mahali hasa kipande kilipo. Lakini kwa kuwa chini ni mwembamba, kila mpitisho unapaswa kupanda nusu ya mpitisho uliotangulia. Anayetembea haraka na mono anaacha mistari mizima ya ardhi ya chini haijasikilizwa.

DD ina mizunguko miwili yenye umbo la herufi D, imepandana katikati. Mahali penye usikivu mkubwa ni mstari unaoanzia ncha ya mbele ya koili hadi nyuma yake. Hunyamazisha vizuri zaidi udongo mkali, mawe yanayolia na mwingiliano wa umeme, na mpitisho wake unafunika ardhi kwa usawa zaidi. Bei yake ni kina kidogo unachokipoteza mahali ambapo udongo ni mpole.

GPX 5000 ina swichi ya koili yenye nafasi tatu: Double D, Mono na Cancel. Ukiwa na koili ya DD unaweza kuitumia katika zote tatu. Cancel husaidia karibu na umeme mwingi, kwa gharama ya kina. Ukifunga mono, nafasi ya Cancel si yako. Kila unapobadilisha koili ya mashine hii, hakikisha na swichi umeibadilisha. Wapo wanaoilaumu koili mpya wiki nzima kumbe swichi imebaki ilipokuwa.

Soma ardhi kabla ya kushika koili

Chukua korongo la kawaida la eneo la mto Lupa kule Chunya. Dhahabu ya huko ilivuta watu tangu miaka ya 1920, na karibu karne nzima ya wachimbaji imeacha ardhi iliyogeuzwageuzwa: mirundo ya mawe ya zamani, mashimo yaliyofukiwa, vipande vya bati, misumari, maganda ya risasi, vizibo vya soda. Juu ya korongo kuna vichaka. Chini kuna mwamba uliochongoka wenye nyufa zilizojaa kokoto. Hapo hapo, ndani ya eneo moja, unahitaji koili mbili.

Kwenye nyufa za mwamba na katikati ya mizizi, tumia ndogo. Gold Monster 1000 huja na mbili: ya duara ya inchi 5, sawa na sentimita 13 hivi, na ya yai ya inchi 10 kwa 6. Ile ya inchi 5 inaingia mahali ambapo kubwa inagonga jiwe kila upande. Ina faida nyingine ambayo watu hawaitaji sana: hutenganisha. Msumari na punje vikiwa vimeachana sentimita kumi na tano, koili kubwa huvisikia kama kitu kimoja na mashine huamua kuwa ni chuma. Ndogo huvisikia viwili. Karibu na kambi za zamani, ambako takataka ndipo zilipo na dhahabu ya kudondoka nayo ndipo ilipo, hiyo ndiyo koili ya kukupa chakula.

Ukipanda juu kwenye uwanda wa wazi, udongo ukiwa mzito na hujui dhahabu imelala wapi, funga ya wastani. Kwa GPX 6000, mono ya inchi 11 inayokuja nayo inatosha kazi nyingi. DD ya inchi 14, ambayo pia huja kwenye boksi, ni ya mahali penye nyaya za umeme mkubwa au udongo unaozomea. Ya yai ya inchi 17 hununuliwa peke yake. Hiyo itumie mahali ambapo tayari kuna ushahidi wa vipande vikubwa vya chini, ardhi ni wazi na tambarare, na mkono wako unaimudu siku nzima.

Wanaokwangua udongo tabaka kwa tabaka, kwa jembe au kwa mtambo, wana mpangilio mzuri wanaoweza kuufuata: koili kubwa kwanza juu ya ardhi ambayo haijaguswa, ili kusikia kama kuna kitu kikubwa chini; kisha, ukishaondoa tabaka, pitisha ndogo juu ya sehemu iliyobaki wazi na juu ya rundo ulilotoa. Rundo usilidharau. Punje nyingi zilizorukwa na koili kubwa huishia humo, zikatupwa kando pamoja na kokoto.

Je, koili hiyo inaoana na mashine yako?

Plagi kuingia si ushahidi kwamba koili inafaa. Koili za GPX 4500 na GPX 5000 zinabadilishana, na hata za mashine za zamani zaidi za SD na GP hufanya kazi humo. GPX 6000 imejitenga: ina koili zake yenyewe, na mashine huitambua koili iliyofungwa. GPZ 7000 nayo hivyohivyo. Gold Monster inataka ya Gold Monster. SDC 2300 haikutengenezwa kwa kubadilishwa koili porini. Kwa mashine za wimbi mfululizo ni muhimu zaidi, kwa sababu koili na mashine vimepimwa kwa masafa yaleyale.

Kampuni nyingine hutengeneza koili kwa ajili ya mashine hizi. Coiltek na Nugget Finder, zote za Australia, zina sifa nzuri kwa watu wa dhahabu. Kabla ya kulipa, taka kuonyeshwa jina la mashine yako kwenye lebo ya koili au kwenye boksi lake. “Inaingia tu, kaka” lisikutoe hela mfukoni.

Bandia ni nyingi. Minelab yenyewe imekuwa ikiwaonya wateja kuhusu mashine za kughushi, na koili za kughushi zinafuatana nazo. Nenda dukani na mashine yako mwenyewe na kipande chako cha dhahabu cha kupimia. Funga koili palepale, washa, pitisha kipande mbele yake kwa urefu tofauti, kisha rudisha koili yako ya zamani ufanye vilevile. Tikisa koili mpya karibu na sikio: kitu kikicheza ndani, irudishe. Kagua mshono wa plastiki ukingoni na mahali waya unapoingilia. Hapo ndipo maji hupenya na ndipo koili za ovyo hupasukia. Muuzaji anayekataa majaribio haya, muage kwa heshima uende zako.

Kuibadilisha

Tafuta mahali pasafi. Kama uko porini, tandaza shuka au turubai, maana boliti au washa ndogo ikidondokea kwenye kokoto hutaiona tena. Futa vumbi kwenye plagi na kwenye soketi kabla ya kufungua chochote. Ukifungua kwanza, vumbi lote linaingia kwenye pini.

Zima mashine. Kwa GPX 5000, chomoa na betri. Koili isibadilishwe umeme ukiwa unapita.

Legeza pete inayoishikilia plagi, kisha vuta plagi yenyewe ukiwa umeishika mwilini mwake, polepole, bila kuizungusha. Usivute waya kamwe. Nyaya za ndani ni nyembamba na zimeungwa kwa risasi; zikikatika utapata mlio unaokuja na kuondoka kila unapopiga hatua, na hakuna ugonjwa wa mashine unaosumbua kuutafuta kama huo.

Fungua utepe wa kushikiza waya kwenye fimbo, ukunjue waya wote. Halafu fungua nati na boliti ya plastiki iliyopita kwenye masikio mawili ya koili na ncha ya fimbo. Utaona washa mbili za mpira, moja kila upande. Kazi yake ni kushika kwa msuguano ili koili ibaki katika pembe unayoiweka. Zifute zikiwa kavu. Mafuta na grisi visizikaribie. Ukizipaka, koili itaning’inia na kuinamisha pua kila ukinyanyua mkono. Zikiwa zimelika, badilisha. Kama koili mpya imekuja na washa zake, tumia hizo.

Weka koili mpya, panga matundu yakae sawasawa, pitisha boliti bila kuilazimisha, kaza nati kwa vidole tu. Koleo ya nini hapa? Plastiki inapasuka. Na kuna kosa moja linaloonekana kila kambi: boliti ya plastiki inakatika, mtu anachukua ya chuma kwa fundi wa pikipiki na kuifunga. Hapo ameweka kipande cha chuma juu ya koili yenyewe, na mashine itakisikia kutwa nzima. Beba boliti mbili za akiba za plastiki mfukoni. Usipokuwa nazo, mti mgumu uliochongwa vizuri utakufikisha jioni.

Sasa waya, na hapa nenda taratibu. Acha ulegevu kidogo karibu na koili, kiasi cha kuiwezesha kuinama mbele na nyuma mpaka mwisho bila waya kukaza. Jaribu kwa mkono: ikunje kabisa, ikunjue kabisa, huku ukitazama mahali waya unapoingilia kwenye plastiki. Ukiona pamevutika, ongeza ulegevu. Zungusho la kwanza lipite juu ya fimbo, kisha uendelee kuzungusha waya kwa mkazo wa wastani mpaka juu, ushikize kwa utepe chini na karibu na plagi. Waya unaochezacheza juu ya koili hutoa milio ya uongo, kwa sababu nao una shaba na unapita ndani ya uga. Baadhi ya “koili mbovu” zinazorudishwa madukani ni waya uliolegea tu.

Mwisho, ingiza plagi. Tazama mwanya au alama inayoonyesha upande wa juu, ilinganishe na soketi, sukuma sawasawa, kisha kaza pete kwa vidole. Ikigoma, itoe utazame pini. Pini iliyopinda hunyooshwa taratibu. Iliyovunjika ni safari ya mjini.

Kabla hujaanza kutembea

Vaa vitu visivyo na chuma. Viatu vya usalama vyenye kofia ya chuma vidoleni, mkanda wenye bizimu kubwa, funguo, kisu, vyote vinasikika, na koili kubwa huvisikia kwa mbali zaidi kuliko ndogo uliyoizoea. Sururu iweke nyuma yako. Simu iache kwenye begi mbali na mashine, au izime.

Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliumizwa na jambo hilihili. Mwaka 1881 rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi, na Bell akaitwa Ikulu na kifaa chake cha kutafuta metali ili aonyeshe risasi ilipo mwilini. Hakufanikiwa. Baadaye ilijulikana kwamba rais alikuwa amelala juu ya godoro lenye nyaya za chuma, na daktari alimruhusu Bell kupima upande mmoja tu wa mwili, ambao haukuwa na risasi. Wiki chache baadaye Garfield alifariki. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi. Mazingira yake ndiyo yaliyokiangusha.

Washa mashine koili ikiwa imeinuliwa, mbali na chuma na mbali na ditekta ya mwenzako. Ipe nafasi iondoe mwingiliano wa umeme, kwa kitufe au yenyewe, kulingana na aina uliyo nayo. Kisha sawazisha ardhi upya: tafuta mahali pasipo na kitu, pandisha na shusha koili polepole mpaka sauti isibadilike. Usiendelee na mpangilio wa koili iliyopita, kwa sababu koili mpya inaisikia ardhi kivingine. Usikivu nao uanze katikati, upandishe hadi mashine ianze kulalamika, kisha rudi hatua moja. Kwa Gold Monster, yenye ngazi 10 na mipangilio miwili ya kujirekebisha, anza na wa kujirekebisha mpaka uijue sauti ya koili hiyo.

Halafu pima kwa dhahabu. Bandika punje ndogo unayoijua kwenye kadi ya plastiki kwa utepe wa gundi. Usipokuwa na dhahabu, tumia kipande kidogo cha risasi. Kupima hewani kunakuambia kwamba koili iko hai, basi. Ili kujua inavyofanya kazi kwenye udongo wako, ingiza bomba jembamba la plastiki ardhini kwa mshazari, ili udongo ulio juu ya ncha yake ubaki haujaguswa. Sukuma kadi iliyokunjwa au punje iliyofungwa kwenye kijiti cha plastiki ndani ya bomba, pitisha koili juu, sogeza chini, pitisha tena, mpaka mlio upotee. Fanya kwa koili zote mbili, kwa punje ileile, siku ileile. Andika. Daftari lenye vipimo hivyo kutoka eneo lako mwenyewe lina thamani kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Ikipiga kelele bila sababu, fuata mpangilio huu. Plagi imekaza? Waya unacheza? Kuna mchanga ndani ya kifuniko cha plastiki kinachoikinga koili kwa chini? Koili ina ufa? Ukigonga koili kwa ngumi laini ikalia, rudi kwenye waya na kifuniko kwanza. Kisha rudisha koili ya zamani. Ikitulia, tatizo liko kwenye mpya. Zote zikipiga kelele, tatizo ni mahali ulipo au mashine yenyewe: sogea mita kadhaa, uliza nani mwingine amewasha ditekta karibu, tazama kama kuna radi angani. Radi ikiwa karibu, zima ukatafute pa kujisitiri. Fimbo ndefu mkononi katikati ya uwanda si mahali pa kuendelea na kazi.

Kifuniko, maji na hifadhi

Kifuniko cha plastiki cha chini huikinga koili na mikwaruzo, na ni vizuri ukiwa nacho. Kasoro yake ni kwamba mchanga mweusi, ambao umejaa chuma, hupenya pembeni na kukaa kati yake na koili. Ukitembea, mchanga unahama, na mashine inasikia “ardhi” inayochezacheza ndani ya koili. Kila jioni kivue, suuza vyote viwili kwa maji safi, acha vikauke, rudisha. Kikichanika, kibadilishe, ni rahisi kuliko koili.

Koili nyingi huvumilia maji. Sanduku la mashine na plagi si lazima vivumilie. Soma kitabu cha mashine yako kabla ya kuingia mtoni, na uamue kina cha maji kwa kulitazama sanduku. Koili ambayo haitumiki funga plagi yake kwa mfuko safi, kunja waya kwa duara pana, ilaze bapa mahali pasipo na jua kali. Nyuma ya gari chini ya gunia la saruji si stoo.

Na kabla hujaingia eneo lolote na koili hizi, haki ya kuchimba hapo unayo? Tanzania hutaki kukutwa na mashine kwenye leseni ya mtu; pata makubaliano na mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, au chukua yako kupitia Tume ya Madini, na dhahabu uiuze kwenye soko la madini. Kenya kuna vibali vya uchimbaji mdogo chini ya Sheria ya Madini ya 2016. Magofu, makaburi ya kale na maeneo kama Kilwa Kisiwani yanalindwa na sheria. Koili yako haina kazi huko. Mashariki mwa Kongo na mahali popote palipopiganwa vita, mlio mkubwa wa chuma usiuchimbe kwa pupa. Ukiona umbo la bomu au risasi kubwa, acha ulivyokuta, weka alama, waite wanaohusika.

Ukiniuliza koili ya kununua kwanza baada ya ile iliyokuja na mashine, nitakujibu ndogo, karibu kila mara. Maeneo yetu mengi yameshapitiwa na koili za wastani na kubwa. Vilivyobaki vingi ni vidogo, viko juujuu, vimezungukwa na takataka. Nunua kubwa siku utakapokuwa na ardhi ya wazi, ushahidi wa vipande vizito vya chini, na mtu wa kupokezana naye mkono.